Iulize Mashine Imesoma Faili Lipi

Kuna asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, na wala haikuwa na jambo la kupendeza. Nilikuwa nimesimama ndani ya maabara ya hospitali ndogo ya masista, huku juu mlimani, nikitazama kompyuta iliyotakiwa kutoa majibu ya damu. Ilitoa ukurasa mweupe wenye mistari mingi ya Kiingereza. Nje kwenye benchi wagonjwa walikuwa wanasubiri, mikono ya mashati wameikunja, wamebana pamba pale walipochomwa sindano. Jina la hospitali naliacha, masista hawakunikosea kwa kusudi. Walionikosea nitawataja, maana nimeishi muda mrefu nikisema "mtu fulani" na "bwana mmoja", na sikuona faida yake.

Mimi shule niliiachia kidato cha pili, Old Moshi kwetu. Kazi ya kompyuta niliiokota mjini, upande wa hospitali ya Mawenzi, kwenye kampuni iliyokuwa ghorofani juu ya duka la mabati. Mwenye kampuni aliitwa Godlisten. Aliyeandika mifumo aliitwa Elibariki, kijana wa kwetu huko huko juu, ila alikuwa na digrii na alipenda watu wajue. Yeye anaandika, mimi napeleka kwa mteja na kuupandisha mfumo kwenye seva. Nilikuwa sijui kuandika programu hata mstari mmoja. Nilijua kuhamisha mafaili, kuzima seva, kuiwasha, na kusoma inacholalamikia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

Sasa nisikilize hapa, maana bila hapa hutaelewa mengine. Mfumo ulioandikwa kwa lugha ya Java haubebi kila kitu wenyewe. Unaazima. Kazi ya kuchapa majibu unaiazima kwenye faili moja, kazi ya kupanga tarehe kwenye faili lingine. Hayo mafaili ya kuazima ndiyo mnayoyaita maktaba. Majina yake yanaishia na jar, na yanakaa pamoja kwenye folda moja ndani ya mfumo. Mfumo ukihitaji kitu, seva inapekua folda hiyo, na pale inapokikuta mara ya kwanza ndipo inapokichukua. Haiendi kutazama kama kuna kingine kizuri zaidi mbele.

Jana yake nilikuwa nimepanda na gari la kampuni kupeleka mfumo mpya wa maabara. Nilinakili mafaili mapya juu ya yale ya zamani, kama tulivyozoea. Faili lenye jina lile lile linafutwa na jipya, sawa. Lakini jina la maktaba linabeba namba ya toleo. Toleo jipya lina namba nyingine, kwa hiyo kwa kompyuta hilo ni jina lingine, na la zamani linabaki limekaa pale pale. Nilipofungua folda nikakuta maktaba ya kuchapa iko mara mbili, ya zamani na mpya, zimepangana.

Nikampigia Godlisten.

"Bosi, shikamoo. Naona maktaba za kuchapa ziko mbili. Nifute ya zamani?"

"Ufute? Aloyce, hiyo niliiweka mimi kwa mkono wangu siku tunaanzisha mfumo hospitali ile. Wewe ulikuwa bado unachunga mbuzi."

"Ndiyo bosi, lakini..."

"Usifute kitu changu. Kama inakusumbua macho, ibadilishe jina. Weka neno zamani mbele yake, iache hapo hapo. Kesho na keshokutwa tunaweza kuihitaji."

Huku kwetu, mwanangu, kitu kilichowekwa na mkubwa hakiondolewi na mdogo. Mgomba alioupanda babu unaweza kuwa umezeeka mpaka unaziba njia, nawe utapita pembeni. Nikafanya alivyosema. Nikaandika zamani mbele ya lile jina, nikaiwasha seva, nikaona ukurasa wa kwanza umefunguka, nikaenda kulala chumba cha wageni. Sikujaribu kuchapa jibu, kwa sababu hapakuwa na jibu la kuchapa mpaka damu ipimwe asubuhi.

Ndipo asubuhi ukatoka ule ukurasa mweupe.

Nilimpigia Elibariki. Akaniambia, "Kwangu inafanya kazi." Nikamsomea mistari ile. Akarudia, "Nakwambia kwangu inafanya kazi, hapa kwenye laptop naona inachapa. Wewe umegusa nini huko?" Na ni kweli, kwake ilichapa. Laptop yake ilikuwa na maktaba moja tu, ile mpya. Kwa nini isichape?

Walipanda wote wawili, yeye na Godlisten. Elibariki alikaa mbele ya ile kompyuta, akafungua folda, na kitu cha kwanza alichokiona ni lile neno zamani. Aligeuka na kiti. Sista Koleta, msimamizi wa hospitali, alikuwa amesimama mlangoni, na nyuma yake wagonjwa wawili watatu walikuwa wamenyoosha shingo.

"Sista, tatizo ni hili hapa," akasema. "Kijana amebadilisha majina ya mafaili. Mfumo nimeuandika vizuri, yeye amekuja kuuchokonoa. Darasa hana, halafu anajifanya fundi."

Nilimtazama Godlisten. Nilijua atasema sasa. Alikuwa anafuta miwani yake. Akaifuta upande huu, akaifuta upande ule, akaivaa, akasema, "Aloyce, rudisha funguo za ofisi."

Aliyenitukana siku hiyo alikuwa Elibariki. Lakini aliyeniumiza zaidi ni yule wa miwani. Elibariki huenda hakujua lile neno limefikaje pale. Godlisten alijua.

Nilikaa nje kwenye benchi, kwa sababu nilikuja na gari lao na sikuwa na namna ya kushuka. Mle ndani walirudisha jina la faili kama lilivyokuwa, wakawasha seva, ukurasa mweupe. Wakalibadilisha tena, ukurasa mweupe. Ilikuwa inaelekea mchana Sista alipochoka, akampigia mzee Pravin, Mhindi wa pale mjini aliyekuwa akitengenezea wafanyabiashara mifumo kabla sisi hatujazaliwa kwenye kazi hii. Alifika na kikapu chenye chupa ya chai na miwani mbili. Elibariki akaanza kumweleza, mzee akamwinulia kiganja.

"Nani anayeijua hii seva?"

Sista akanionyesha kwa kidole kupitia dirishani.

"Shikamoo mzee," nikasema nilipoingia.

"Marahaba. Mangi, usisimame kama mlinzi, kaa." Mangi kwetu ni chifu, naye aliwaita hivyo Wachagga wote. "Neno la siri la seva unalo?"

"Nimefukuzwa kazi, mzee."

"Umefukuzwa kazi, kichwa umebaki nacho. Neno la siri."

Nikamwandikia. Akasoma ule ukurasa mweupe polepole, kuanzia chini kwenda juu, jambo ambalo sijawahi kuona mtu akilifanya. Sisi tulikuwa tunasoma mstari wa kwanza tu, halafu tunaanza kulaumiana.

"Inasema nini hapa?"

"Inasema imeagizwa kazi fulani ya kuchapa, na kazi hiyo haipo."

"Haipo kweli?"

"Ipo. Kwenye maktaba mpya ipo."

"Basi haikuangalia kwenye mpya. Iliangalia wapi?"

Mzee akaizima seva, akaongeza agizo dogo kwenye mipangilio yake ya kuwaka, kwamba kila kipande cha programu unachokichukua, andika umekichukua kutoka faili gani. Akaiwasha. Mistari ikamiminika. Akatafuta kipande cha kuchapa, na hapo mbele yake palikuwa pameandikwa wazi: kimetoka kwenye lile faili lenye neno zamani.

Mzee alicheka mpaka chai ikamwagika.

"Nani kaandika zamani?"

"Mimi. Niliambiwa."

"Baba, mashine haijui Kiswahili. Imeona mwishoni kuna jar, imejua ni chakula. Ungeandika hata marehemu, ingekula."

Aliliondoa faili lile, akalipeleka nje kabisa ya mfumo, sehemu nyingine ya diski. Halafu akafuta folda yote ya mfumo wa maabara, sio kunakili juu yake, kufuta, akaupandisha mpya peke yake. Jibu la kwanza likatoka kwenye printa, la mama mmoja wa malaria. Mama yule akalichukua akaenda zake, hakuuliza lilikuwa limekwama kwa nini.

Kisha akanigeukia, na hapo hakuwa anacheka.

"Jana uliona mawili?"

"Niliona."

"Ukamwambia bosi wako nini?"

"Kwamba naona mawili."

"Ndiyo maana hakukusikia. Ungemwambia, bosi, seva inasoma hili la zamani, mstari huu hapa. Wasiwasi wako mtu anaubishia, tena akiwa na digrii anaubishia zaidi. Huu mstari ataubishiaje?"

Neno lile niliondoka nalo. Ila mzee Pravin naye simpambi. Alinifundisha, akafunga chupa yake ya chai, akashuka mjini. Godlisten alipomwambia Sista kwamba kosa limepatikana, ni lile faili lililobadilishwa jina na kijana, mzee alikuwa bado anatafuta funguo za gari mfukoni. Alisikia. Hakusema kitu.

Basi jina likanishika. Huku mlimani habari haihitaji gari. Nilivyofika nyumbani kwa miguu, maana gari lao liliniacha, ilikuwa imeshatangulia kwamba Aloyce kaharibu mashine za masista, watu wamekosa majibu ya damu. Mama yangu alikuwa na presha, na kliniki yake ilikuwa hospitali ile ile. Alienda mara moja. Kwenye benchi mwanamke mmoja akamwambia mwenzake, kwa sauti, "Mama yake yule wa mashine." Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri, akarudi nyumbani. Hakwenda tena. Kuanzia hapo dawa zake alizifuata Mawenzi, kushuka mjini na kupanda, na magoti yale. Mimi nilipata vibarua, nikapoteza vibarua, nikajifunza zile mashine peke yangu, na sasa nina ofisi yangu huko Rau, pembeni mwa mji, ndimo mnamokuja kujifunza. Lakini kila mwezi nilimwona mama akijiandaa kushuka, na nilijua anashuka kwa ajili ya neno zamani.

Mwaka juzi Elibariki alikuja nyumbani. Godlisten alikuwa ameshakufa, kafa na miwani yake. Elibariki alikuwa amenenepa. Aliongozana na mjomba wake, wakiwa na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na mkononi alikuwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa mgeni wa huku nieleze: mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na mila inasema huwezi kumkatalia, hata kama amekuchomea nyumba. Kumbe kwenye komunio ya kwanza ya mtoto wake alikuwa anawachekesha wageni, jinsi walivyomsingizia kijana mmoja asiye na darasa kosa la bosi. Mama yake mzazi alikuwepo anasikiliza. Akaweka sahani chini, akasema hatakula tena nyumbani kwake mpaka apeleke isale kwetu.

"Kwa hiyo ulijua," nikamwambia.

"Godlisten aliniambia tukishuka, siku ile ile. Kwenye gari."

Sikunyoosha mkono. Jani likabaki linaning'inia. Mjomba wake akaanza kuzungumza Kichagga cha kubembeleza, nikawa simsikii. Mama alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi. Akasema bila kuinua kichwa, "Aloyce, pokea. Umeshapokea mabaya mengi, jani litakushinda?"

Nikapokea.

"Haya," mama akaendelea, "sasa mimi nina kliniki. Elibariki, una gari?"

"Ninalo, mama."

"Kesho asubuhi uje. Siendi Mawenzi."

Tulienda watatu. Sista Koleta alikuwa bado yupo, amezeeka, anatembelea fimbo. Elibariki alitaka wakaongelee ofisini. Mama akakataa, akasema yeye ofisini hakutukanwa. Basi Elibariki akasimama pale mbele ya benchi, watu wamejaa, jasho linamtoka kama anachimba, akasema, "Lile faili liliachwa kwa amri ya Godlisten, jina lilibadilishwa kwa amri ya Godlisten, na mimi nilijua nikanyamaza." Nusu ya watu hawakuelewa anazungumzia faili gani. Mzee mmoja akauliza kama kuna tangazo la chanjo. Lakini Sista alielewa. Alimshika mama mkono, akamwomba radhi, akamwingiza ndani kupimwa. Mama alipita katikati ya wale watu taratibu sana, kama bibi harusi, na magoti hayakuwa sababu.

Kwa hiyo mwanangu, ukikabidhiwa mfumo kuupandisha, usinakili juu ya wa zamani. Futa, weka mpya peke yake. Maktaba usiyoitaka itoe nje kabisa, kuibadilisha jina ni kuivalisha kofia tu. Angalia pia ile folda ya pamoja ya seva yenyewe, maana kuna watu hutupia maktaba zao mle, na mifumo yote ya mle ndani inazikuta. Ukiambiwa hakipo na wewe unakiona, usibishane na mtu. Iulize mashine imesoma faili lipi, na usome kuanzia chini. Anayesema kwake inafanya kazi, mwombe akuonyeshe kwake kuna nini. Na mkubwa wako umheshimu, umwamkie, umbebee mzigo, lakini faili lake bovu litoe mbele ya macho yake, ukiwa umeshika ushahidi.

Mungu akupe utulivu wa kusoma mistari yote. Na siku wakikuchafulia jina, maana watakuchafulia, lisafishwe mama yako akiwa bado anaweza kutembea kwenda kusikia.