Gemu Isiyo na Pointi

Jumamosi, 14 Juni 2003. Asubuhi jua, saa nne manyunyu, saa tano jua tena kama vile halikuondoka.

Hayo nayanakili kutoka kwenye daftari langu la siku ile. Mengine nayaandika kwa kukumbuka, miaka sita baadaye, na mtu aliyekuwepo akisema haikuwa hivyo, huenda yeye ndiye mkweli. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na kumbukumbu yangu hainipi cheti.

Ilikuwa siku yetu ya michezo. Kila mwaka, mwezi wa sita, sisi wasema Kiswahili wa upande wetu wa London tulikodi ukumbi pale Harrow, wenye kiwanja cha majani nyuma yake, tukajigawa nchi nne: Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo. Kulikuwa na mbio, kuvuta kamba, kuruka ndani ya gunia, mpira wa watu saba kila upande, na keram, ule ubao wa mraba wenye matundu kwenye pembe, unaopakwa poda, watu wakapiga kete kwa kidole. Mshindi pointi tatu, wa pili pointi moja. Kombe letu lilikuwa birika kubwa la chai. Nchi iliyoshinda ilikaa nalo mwaka mzima, na mwaka unaofuata ndiyo iliyopika chai ya watu wote, kwa hiyo wapo waliokuwa wakicheza vibaya kwa makusudi. Simtaji mtu.

Mimi nilikuwa katibu, ndiye niliyeandika pointi. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu mwaka mmoja niliona mume wangu amekanyaga mstari kwenye kuvuta kamba, nikawaandikia Tanzania sifuri. Mpaka leo ananiuliza, "Ulionaje mguu wangu kwenye matope yale?" Namjibu kwamba kiatu nilikinunua mimi. Watu walisema huyu mama hana upendeleo. Nilipenda kusikia hivyo. Nadhani nilipenda kupita kiasi.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitano. Kukimbia hakujui. Akikimbia utadhani ana ndoo ya maji kichwani. Kila mwaka tulimpeleka, kila mwaka akawa wa mwisho kwenye gunia, akarudi na magoti ya kijani. Mwaka ule, mwezi wa nne, aliniambia kwamba haji tena, labda gemu ya mpira ya kwenye televisheni iingizwe kwenye mashindano na iwe na pointi kama michezo mingine. (Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, mimi naandika kwa Kiswahili.)

Nikacheka. "Gemu? Kukaa kwenye kochi?"

"Mama, huko Korea watu wanajaa ukumbi mzima kutazama wenzao wanacheza. Iko siku itaingia kwenye michezo mikubwa ya dunia, na wewe utasema ulikuwa unajua."

"Sawa. Siku hiyo nitakuletea sharubati pale kwenye kochi."

Hakucheka. Ndipo nikajua ni jambo zito. Wiki ile nikaanza kumtazama anapocheza, maana siwezi kuhukumu kitu nisichokijua. Nilikaa nyuma yake na nguo za kukunja. Nilidhani ni kubonyeza ovyo. Kumbe alikuwa na daftari lake mwenyewe, ameandika makosa yake: hapa nilikimbilia, hapa sikumtazama mlinzi. Alirudia kona moja mara arobaini, hamsini, sijui, mpaka soksi zote zikaisha kukunjwa. Aliweka kitaulo pajani, anafuta viganja. Siku moja niligusa shingo yake kwa mkono, ilikuwa imelowa kama ya mtu aliyetoka kupanda ngazi.

Nikasema moyoni, huyu hachezi. Yaani anacheza, lakini hachezi.

Mkutano wa kamati ulikuwa Jumapili mchana, mwisho wa mwezi huo wa nne, ukumbini. Mwenyekiti alikuwa Mhindi wa Mombasa, mwenye duka Harrow, mzee mpole isipokuwa mbele ya keram. Kongo iliwakilishwa na mama mchungaji, mke wa mchungaji wao, ambaye siku za kazi alikuwa akitunza wazee, kazi kama yangu. Walikuwepo pia Mganda mmoja na Mtanzania mwenzangu. Binti yangu alikuwa jikoni akitengeneza chai, na kati ya jiko na ukumbi kuna lile dirisha la kupitishia sahani, na lilikuwa wazi.

Mama mchungaji alianza kabla hata sijasoma ajenda. "Miye ninakubali. Batoto betu habakuye tena, banabaki nyumba. Mwaka jana tulikuwa siye bakubwa tu, tunavuta kamba na magonjwa yetu."

"Waje wakimbie!" akasema Mtanzania mwenzangu. "Michezo ni jasho."

"Na keram ni jasho?" akauliza Mganda. "Mwenyekiti, mwaka jana ulitoka jasho wewe?"

Wote tukacheka, kwa sababu Kenya walikuwa wakichukua pointi tatu za keram kila mwaka kwa kidole cha mwenyekiti huyo huyo, naye hata koti havui.

Mwenyekiti akangoja kicheko kiishe. "Sikizeni. Mwanicheka, chekeni. Mimi sisemi gemu ni rahisi. Nshaona wajukuu wangu, mimi siwezi hata kumsimamisha yule mtu ndani ya televisheni, aenda tu ukutani. Nasema hivi. Mbio zina mwenyewe? Hazina. Kamba ina mwenyewe? Keram babangu aliichonga kwa mkono wake. Lakini ile gemu ina mwenyewe. Mwakani atoa nyingine, abadili sheria, na hii ya leo yatupwa. Huyo mwenyewe twamjua? Yuko kwenye kamati yetu? Basi vipi tumpe pointi zetu?"

Hata mama mchungaji aliitikia kwa kichwa polepole. Mpaka leo sijapata jibu zuri la swali lile, na kila mtu anapozungumzia gemu kuingia kwenye michezo mikubwa ya dunia, namsikia yule mzee. Siku hizi London imepewa michezo hiyo, kila mtu kazini ana maoni, na mimi huwauliza swali lake. Hawanijibu. Lakini pia nasema, kwa haki, kwamba shingo iliyolowa niliigusa kwa mkono wangu, na hiyo nayo hakuna aliyenijibu.

Tulipiga kura. Mama mchungaji na Mganda, ndiyo. Mwenyekiti na Mtanzania mwenzangu, hapana. Kanuni yetu ilisema kura zikilingana, katibu ndiye anayeamua.

"Haya, dada," akasema mwenyekiti. "Kalamu unayo wewe."

Jikoni vijiko vikaacha kugonga vikombe.

Ukweli ni kwamba moyoni ilikuwa ndiyo. Si ndiyo nzima, tuseme robo tatu. Lakini nilipofungua mdomo niliona nyuso zao, nikasikia yatakayosemwa: katibu kamtengenezea mwanawe nafasi, mwana hajui kukimbia, mama kamletea mchezo wa kukaa. Nikafikiria mguu wa mume wangu kwenye matope. Yeye nilimnyima, huyu nimpe?

Nikasema, "Hapana."

Nikaongeza haraka kwamba gemu iwepo, ila bila pointi. Iwe ya kutazama tu. Wote wakakubali mara moja, wakafurahi, wakanisifu. Mwenyekiti akasema hata televisheni kubwa ataitoa dukani kwake. Chai ikaletwa. Binti yangu aliweka vikombe mbele ya kila mtu, changu kikiwemo, akatia sukari yangu vijiko viwili kama ninavyopenda, hakunitazama.

Wiki iliyofuata aliniambia yale ya lazima tu, chumvi iko wapi, simu yako inalia. Lakini aliendelea na mazoezi.

Basi ndiyo hiyo Jumamosi ya jua na manyunyu. Televisheni iliwekwa katika chumba kidogo cha ukumbi, mapazia yakafungwa, waya ukapita sakafuni mpaka kwenye viti viwili vya mbele. Kufika saa sita, kiwanjani kwangu mbio za akina mama zilikuwa na wakimbiaji watatu na mtazamaji mmoja, mume wa mmojawapo. Wengine wote walikuwa chumba kidogo. Vijana ambao hatujawaona miaka, na mama mchungaji anawahesabu mlangoni kama vifaranga. Mvua ikarudi kidogo, wazee nao wakaingia, na mimi nikaingia na daftari langu na filimbi shingoni.

Fainali ilikuwa kati ya binti yangu na kijana mmoja wa Kongo wa miaka ishirini hivi, anayefanya kazi ya kusafisha mabasi. Mpole sana. Alimpa mkono kabla ya kuanza, akamwambia, "Dada mudogo, leo utalia."

"Leta kitambaa chako mwenyewe," akajibu binti yangu, na hilo alilisema kwa Kiswahili, watu wakapiga makofi.

Sitasimulia mchezo wote, siujui. Najua walikuwa sare, bao moja kwa moja. Najua mwenyekiti wetu, aliyeingia kuangalia tu kama televisheni yake iko salama, baada ya dakika tano alikuwa amevua koti. "Toa pasi! Mpe yule wa kushoto! Aa, mwanangu, kushoto!" Hajui hata kitufe kimoja, lakini mpira anaujua.

Karibu na mwisho binti yangu alikuwa amebaki na kipa tu. Kila mtu alisimama. Mara picha ikaganda. Yule kijana alikuwa amebonyeza kitufe cha kusimamisha.

"Rafu!" akapiga kelele mwenyekiti. "Kasimamisha mpira! Katibu! Katibu yuko wapi? Amua!"

Nikasema, "Mzee, hii haina pointi. Sina la kuamua."

Akanigeukia, uso mwekundu. "Haina pointi, lakini si ina haki?"

Nilikwenda mbele, filimbi ikinigonga kifuani, nikasimama kati ya viti viwili, nikamuuliza kijana kwa nini amesimamisha. Akaonyesha sakafuni. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, sijui wa nani, alikuwa amekaa juu ya waya na kuuvuta kwa mikono miwili.

Watu wakaanza kubishana. Wengine walisema ni ujanja, mtoto alikuwa pale zamani. Kweli mimi sikuona, macho yangu yalikuwa kwenye televisheni, na sikuweza kusema niliona. Nikamgeukia binti yangu. Mara ya kwanza tangu mwezi wa nne, alinitazama moja kwa moja.

"Yuko sawa, mama," akasema. "Nilihisi waya unavutwa. Mimi pia ningesimamisha."

Nikapuliza filimbi, sijui kwa nini, kwenye chumba kile kidogo. Watu wakaziba masikio. Mtoto akaondolewa, mchezo ukaendelea. Kipa akawa ameshajipanga, mpira ukatoka nje, na dakika ya mwisho Kongo wakafunga. Mbili moja.

Yule kijana hakuruka. Alimpa binti yangu mkono tena, muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Mwenyekiti alilalamika mpaka jioni kwamba binti yangu alikosa bao lake la haki, kisha akasema mwakani ataomba kura ipigwe upya. Mama mchungaji akamwambia, "Na mwenyewe wa gemu, umemupata?" Akasema bado anamtafuta. Na mwaka uliofuata aliomba kweli, mbele ya kamati mpya, akashindwa kwa kura moja. Hiyo ni habari nyingine.

Tanzania tulikuwa wa tatu. Kama gemu ingekuwa na pointi tungeongeza moja, na bado tungekuwa wa tatu. Nalisema hilo lisije likasikika kama nilitunyima birika. Sikutunyima birika. Nilimnyima mtu mmoja.

Garini mume wangu aliendesha, mimi nikakaa nyuma na binti yangu, kwa sababu kiti cha mbele kilibeba sufuria za watu. Tulipopita Neasden akaniuliza, "Mama, siku ile ya kura, ulifikiri kweli si mchezo? Au uliogopa?"

Nilitaka kumweleza habari ya mwenye gemu na kubadilika kwa sheria. Ni hoja nzuri, ningeweza kujificha nyuma yake salama kabisa. Lakini ile ilikuwa hoja ya mzee wa watu, haikuwa yangu.

"Niliogopa," nikasema. "Niliogopa watasema nakupendelea."

"Kwa hiyo ningekuwa mtoto wa mtu mwingine, ungesema ndiyo."

"Ndiyo."

"Hiyo nayo si haki, mama."

"Si haki. Nisamehe."

Mume wangu mbele akakohoa, akasema yeye pia bado anangoja kuombwa msamaha wa mguu wake. Tukamwambia wote wawili kwa pamoja atazame barabara. Binti yangu akaegemeza kichwa begani kwangu, kizito, nywele zina harufu ya chumba kilichofungwa mapazia. Sikujitikisa mpaka tulipofika, ingawa mkono ulikufa ganzi.

Sikuwa na nguvu ya kupika. Tulikula ndizi za nyama zilizobaki Ijumaa, nikaongeza maji kidogo na ndimu, na mkate wa dukani, kwa sababu wali hakuna aliyekumbuka kuubandika.