Muhogo Ndani ya Mtumbwi

Wifi yangu Séverine ni mtu wa shamba. Kakulia Mishamo kwenye mahindi na maharage, na siku kaka yangu Leonidas alipomleta hapa Ikola kama mke, alishika pua pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, akauliza kama sisi harufu ya dagaa hatuisikii. Nikamwambia, "Utaizoea, au utarudi kwenu." Akaizoea. Ni mchapakazi huyo mwanamke, na nikisema mabaya yake hapa mjue na hilo nimelisema.

Mwaka jana ziwa lilifungwa ili samaki wazaliane. Ndiyo miezi ya upepo wa kusini, ule unaong'oa mabati. Leonidas alikuwa anakwenda Mpanda kwenye vibarua vya ujenzi, kwa hiyo akamwita rafiki yake Osward wakaupandisha mtumbwi wake wa tanga nchi kavu. Hapa kwetu kila mtu humwita Osward kwa kazi hiyo. Wakausukuma juu ya magogo hadi mbali na mawimbi, wakaugeuza kichwa kiutazame upepo, wakashusha mlingoti, tanga likakunjwa likaenda kulala nyumbani. Osward akagongelea vigingi na kufunga kamba. Mwisho wakajaza mchanga tumboni mwa mtumbwi.

"Mama Heri," Leonidas akamwambia mkewe, "mchanga huu uumwagilie maji kila asubuhi. Ukikauka, mbao zinaachana. Halafu ndio uzito unaoushikilia mtumbwi huu, usiguswe."

"Nimesikia, Baba Heri."

Kusikia alisikia. Lakini wiki hiyohiyo alikuwa ametoa muhogo wake kwenye maji, unataka kuanikwa, na mbuzi wa jirani yetu Katarina hawana adabu, kama mwenyewe. Séverine akautazama mtumbwi: mpana, uko juu, mbuzi hafiki, jua linapiga. Kwa macho ya mtu wa Mishamo, hicho ni kichanja cha kuanikia. Akauchota mchanga wote akaurundika pembeni, akafagia, akaanika muhogo. Alijiambia ukikauka tu ataurudisha.

Upepo haukumsubiri. Ulikuja mchana, sisi wote tukawa tunahangaika na mapaa yetu. Mtumbwi mtupu ukaanza kurukaruka kwenye kamba, vigingi vikang'oka, ukabinuka ukajipiga kwenye mwamba. Ubao wa ubavuni ukapasuka vibaya. Nilipofika nilikuta mchanga chini, nikadhani umemwagika wakati wa kubinuka. Sikujua kuwa wifi yangu alikuwa ameshaukusanya muhogo kwenye kiroba na kuuficha jikoni, kabla hata ya kuita mtu.

Leonidas aliporudi, Osward alimngoja pale pale penye mtumbwi.

"Kosa ni langu, ndugu yangu. Vigingi nilivigongelea juujuu."

Séverine kasimama pembeni, mkono shavuni. "Pole shemeji. Upepo tu huo."

Akampa pole! Mtu kamsababishia mwenzake aibu, halafu ndiye wa kwanza kumpa pole.

Osward akachukua mbao alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mlango wa nyumba yake, akaja kuziba ubavu wa mtumbwi. Kila siku anakuja, kila siku Séverine anampikia. Anamjazia sahani kama anamlisha mzazi wake. Mwenyewe hali. Nikimwuliza ananijibu tumbo linamsumbua.

"Shemeji, ugali huu mweupe!" Osward akasema siku moja. "Muhogo uliuanika wapi na upepo ule?"

"Juu ya bati," akajibu, akainuka kwenda kuchota maji. Ndoo ilikuwa imejaa.

Kesho yake Katarina akapita. "Osward, usinichukie. Mtumbwi wangu nimempa yule kijana Maiko aufunge upya. Upepo bado upo, na mimi sina mwingine."

"Sawa, dada," Osward akasema, akaendelea kupigilia misumari. Hata kichwa hakuinua.

Séverine alikuwa anaweka chakula chini. "Mchanga niliutoa mimi," akasema.

Leonidas akageuka. "Ulitoa nini?"

"Mchanga. Wote. Nilianika muhogo humo ndani."

"Jamani!" Katarina akacheka. "Mtumbwi umekuwa kichanja!" Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza.

Osward akaweka nyundo chini polepole.

"Shemeji, siku ile naomba msamaha ulikuwa umesimama hapa."

"Nilikuwepo."

"Ukanipa pole."

"Nilikupa, shemeji. Nisamehe. Nilimwogopa Baba Heri, halafu kila siku ikawa ngumu zaidi ya jana."

Osward akajifuta mikono, akaenda kwake.

Tulidhani hatarudi, lakini asubuhi tulimkuta anaendelea na ubao wake, maana alikuwa amesema ataumaliza. Katarina alikuja mbio kumwomba amfungie mtumbwi, Osward akamwambia aendelee na Maiko, kijana anaweza. Adhuhuri Séverine akapeleka chakula, akapiga magoti kukiweka.

"Asante, Mama Heri," Osward akasema. "Nimekula nyumbani."

Si shemeji tena. Mama Heri, kama wanavyomwita watu wa sokoni. Wifi yangu akakibeba chakula akarudi nacho.

Njia ya kisimani inapita mbele ya nyumba ya Osward. Wifi yangu siku hizi anazungukia nyuma ya kanisa, na ndoo kichwani, akipanda kilima.