Medali Sitini za Baba

Baba yangu aliendesha trela kati ya Mombasa na mpaka wa Uganda kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Sasa amestaafu, lakini hata leo hawezi kukaa kwenye gari la mtu bila kukanyaga breki ambayo haipo. Goti lake la kushoto, goti la klachi, lilikwisha kabisa, na daktari akamwambia mambo ya trela awaachie wengine. Akarudi nyumbani kwetu, ndani kidogo kutoka Malili, kituo kwenye barabara hiyohiyo ya Mombasa, akaanza kumfundisha Mama jinsi ya kupanga kuni.

Niliwahurumia wote wawili, Mama zaidi. Mimi nafundisha hesabu katika shule moja ya sekondari mjini Kitui, na siri yangu ambayo wanafunzi hawaijui ni kwamba nikitoka darasani nacheza michezo ya kompyuta. Kwa hiyo likizo ya Agosti nilibeba laptop yangu ya zamani, pamoja na usukani wa plastiki wenye pedali mbili niliouziwa na jirani aliyekuwa anahama, nikavifunga kwenye meza ya sebuleni. Mchezo wenyewe ni wa kuendesha malori. Unachukua mzigo katika mji mmoja, unaupeleka mji mwingine, basi. Barabara zake ni za Ulaya, zenye misonobari na theluji.

Baba alizitazama zile pedali mbili kwa muda.

"Klachi iko wapi?"

"Haina klachi, Baba. Inajibadilishia gia yenyewe."

"Hiyo sio gari," akasema. "Hiyo ni kiti."

Mzoea punda hapandi farasi, nikajisemea, nikaiacha laptop ikiwaka nikaenda kumsaidia Mama kupepeta mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi. Tuliporudi ndani tulimkuta amevaa viatu vya ngozi na koti lake la kazi, mikono yote miwili kwenye usukani, anasubiri taa igeuke kijani. Kuanzia siku hiyo hatukuona tena uso wake, tuliona mgongo.

Lazima nieleze jinsi alivyokuwa akiendesha, maana sijaona mtu mwingine akicheza hivyo. Kabla ya kuondoka alilizunguka lori kwa ile kamera ya nje, akikagua tairi ambazo haziwezi kupata pancha. Alipishana na malori mengine akiyawashia taa, na yasipojibu alinung'unika kwamba madereva wa huko hawana adabu. Kila akikaribia kijiji alipunguza mwendo kwa sababu ya ng'ombe, na mchezo ule hauna ng'ombe hata mmoja. Jambo hilo lilimsumbua sana.

"Barabara gani hii haina mtu anauza vitunguu?" aliniuliza. "Hawa watu wanakula nini?"

Na kamera zilizompiga faini kwa kwenda kasi zilimuudhi mpaka akasimama. Alisema askari unaweza kumsalimia, ukamwelezea, mkaelewana kama watu, lakini kamera utaiomba msamaha vipi?

Mchungaji alikuja kututembelea Jumapili moja baada ya ibada. Baba aligeuza shingo kidogo tu akasema, "Karibu, Mchungaji, keti. Niko na mzigo." Mchungaji akaketi, akasubiri mzigo ufike, akaishia kuuliza kama na yeye anaweza kujaribu.

Lakini kilichonifanya niupende mchezo huo ni jambo jingine. Baba alipokuwa akiendesha, aliongea. Sijui nilieleze vipi hili kwa mtu aliyelelewa na baba anayelala nyumbani kila siku. Wangu alikuja siku mbili kwa mwezi, alikula, alilala, aliondoka. Niliujua mkoba wake vizuri kuliko nilivyomjua yeye. Na sasa, akiwa ameshika usukani wa plastiki na macho yake yako mbele, hadithi zilikuwa zinamtoka zenyewe. Aliniambia jinsi gari lilivyomharibikia safari moja aliyotumwa njia ya Garissa, na familia moja ya Waislamu waliokuwa wanafanya biashara ya mbuzi ikamlisha siku mbili, na mama wa nyumba akamkataza kuendelea mpaka maji ya mto yashuke. Anasema hajawahi kunywa tena chai kama ile. Aliniambia kwamba anaogopa madaraja. Miaka yote hiyo, kila daraja alilivuka akiimba wimbo wa kanisa. Na kweli, hata kwenye mchezo, akifika darajani aliimba, sauti nene, mpaka gurudumu la mwisho lipite.

Ananiita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Mwaitu, wacha nikuambie," angeanza, na mimi ningevuta kiti karibu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na ndiyo kwanza nilikuwa namjua baba yangu. Sikutaka likizo iishe.

Kisha nikaharibu mambo kwa mdomo wangu.

Mchezo ule, kama michezo mingi ya siku hizi, una orodha ya medali. Ukifanya jambo fulani kengele inalia na unapewa medali. Ukifikisha mizigo mia, medali. Ukiegesha trela kinyumenyume bila kurekebisha, medali. Haziliwi, hazivaliwi, na mtu asiyecheza hawezi kuelewa unajivunia nini. Baba alikuwa ameshapata kumi na moja bila kujua. Alidhani ile kengele inamkumbusha afunge mkanda.

"Baba, ziko sitini," nikamwambia, nikamfungulia orodha. "Umebakisha arobaini na tisa."

Ningenyamaza tu. Ninajua medali zinafanya nini. Nimewahi kumaliza mchezo mzima wa shamba, medali zote, na ukiniuliza leo shamba lile lilikuwa na mazao gani siwezi kukuambia. Nakumbuka asilimia tu. Lakini mimi ni mtu wa namba moja, nililelewa hivyo. Zile siku mbili za mwezi, Baba alikuwa na swali moja kwangu: umekuwa namba ngapi? Nikisema ya kwanza, aliinua macho kutoka kwenye sahani. Niliona mapema kwamba ukitaka macho ya mtu huyo, unamletea namba. Sasa nilikuwa mtu mzima ninayempa namba za kwake, na nilidhani nampa zawadi.

Baba aliomba daftari. Akaziandika medali zote arobaini na tisa kwa mkono, kila moja na mstari wake, na kalamu nyekundu ya kukata akanikopa mimi, mwalimu.

Likizo iliisha nikaenda kazini, na niliporudi kutoka Kitui baada ya wiki mbili, koti la kazi lilikuwa limetundikwa ukutani, anacheza akiwa na fulana tu. Hakukagua tairi, kwa sababu kukagua tairi hakuna medali. Hakuwashia mtu taa. Vijiji alivipita mbio. Nikamuuliza ile familia ya Garissa ilikuwa na watoto wangapi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hapa kuna medali ya kupita mlima na mafuta kidogo."

Kukawa na daraja refu mbele yetu, refu kuliko lolote nililoliona kwenye mchezo huo. Nikatega sikio. Alilivuka kimya, mdomo umefungwa, anahesabu mafuta.

Mama naye alikuwa na lake la kusema. "Huyu mtu alistaafu ndio nimuone," aliniambia jikoni. "Sasa hata moto ukishika nyumba ataniambia ningoje amalize." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe unapiga simu kutoka Kitui, unauliza zimefika ngapi. Hata hujauliza goti yake."

Nilijitetea. Nilimwambia akizimaliza zote atarudi kuwa mtu. Nilijidanganya hivyo, kwamba hadithi zinasubiri upande wa pili wa medali ya sitini, lakini ukweli ni kwamba na mimi nilizitaka. Jioni nikiwa chumbani kwangu Kitui, baada ya kusahihisha madaftari, nilikuwa napiga simu, na tulikuwa tukizungumza kwa namba tu. Arobaini na mbili. Hamsini na moja. Hamsini na nane, ile ya kuegesha ilikuwa ngumu. Vizuri sana, Baba. Usiku mwema. Tulikuwa tumerudi palepale pa zamani, ila sasa mimi ndiye niliyekuwa nauliza, na niliona hivyo, na kesho yake nilipiga tena.

Ikabaki moja. Medali ya sitini ilitaka safari ya kutoka bandari ya kusini hadi mpaka wa kaskazini bila kusimama hata mara moja. Kwa saa ya ukutani ni muda wa saa mbili na nusu. Alishindwa mara ya kwanza kwa sababu ya goti, mara ya pili stima ilipotea, mara ya tatu wazee wa kanisa walikuja kuhusu harambee. Asiyekubali kushindwa si mshindani, kwa hiyo Jumamosi moja nilisafiri kutoka Kitui asubuhi kwa ajili hiyo tu, na keki na soda kwenye mfuko. Nilimwomba Mama asipokee mgeni. Laptop niliichomeka kwenye betri ya sola ili stima isituchezee. Mama aliniangalia akauliza kama kuna mtu anafanyiwa upasuaji.

Baba akaondoka bandarini saa nane mchana. Mimi nilikaa kando yake na daftari, namsomea njia. Saa ya kwanza ikapita. Hatukuongea. Mama alipakua chakula, akakifunika, akakiacha mezani. Saa ya pili ikapita. Goti lilikuwa linamuuma, niliona anavyolisugua, na mimi, mtoto wake, nikamwambia, "Vumilia kidogo, Baba." Ikabaki robo saa. Mikono yangu ilikuwa na jasho, na sikuwa nimegusa kitu.

Barabara ikatelemka, ikapita kwenye kituo kidogo: pampu ya mafuta, nyumba chache, njia nyembamba inayoingia ndani kushoto. Mchezo una mamia ya vituo kama hivyo. Baba akawasha indiketa. Akapunguza mwendo, akaliweka lori kando ya ile njia, likasimama kabisa. Akazima injini.

"Baba!" Nilipiga kelele kweli. "Umefanya nini? Ilikuwa imebaki robo saa!"

"Najua."

"Sasa mbona umesimama?"

Alikaa anaitazama ile njia ya pembeni. "Hii medali niko nayo," akasema. "Niko nazo nne."

Nikadhani uchovu umemzidi. Lakini akaniambia, taratibu, kama zamani, macho yakiwa kwenye skrini. Kampuni yake ilikuwa inatoa cheti kila mwaka kwa dereva aliyefikisha mizigo haraka kuliko wenzake. Bosi anakupa mkono, mnapigwa picha.

"Nilichukua hiyo cheti mara nne. Unajua mtu anaichukua aje, Mwaitu? Anafika hapo Malili na mzigo. Anaona njia ya kwake hapo kando. Amebakisha kukata kona tu. Halafu hasimami."

Akanitajia miaka, nikapiga hesabu, ndiyo kazi yangu. Niliitafuta miaka hiyo minne kwenye utoto wangu na nikaipata yote. Ni miaka niliyokuwa nakaa na ripoti ya shule chini ya mto nikisubiri siku zake mbili. Nilikasirika, na sikuficha, nilimwambia: "Kwa hiyo ulikuwa unatupita tu." Akasema ndio. Hakutafuta sababu. Hasira yangu ikakosa pa kukaa, kwa sababu dakika tano tu zilikuwa zimepita tangu nimwambie mzee mwenye goti bovu avumilie, na kwa ajili ya nini?

"Moja nilifunikia pipa ya unga," Mama akasema kutoka jikoni. "Ilikuwa karatasi mzuri, ngumu."

Baba akacheka kidogo. Kisha akageuza kiti, mara ya kwanza tangu saa nane, akanitazama.

"Lakini nilikuwa napiga honi," akasema. "Kila mara nikipita hapo. Mara mbili. Mlikuwa mnasikia?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Lakini pale Malili kila trela linapiga honi, asubuhi na jioni, na sisi tulikua tukizisikia zote bila kuzisikia.

"Hapana, Baba. Hatukujua."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea hesabu aliyokuwa ameshaikisia jibu lake. Akanigeuzia mgongo tena. Kuna kitufe katikati ya ule usukani wa plastiki ambacho sikuwahi kumwonyesha, lakini dereva haonyeshwi honi. Akakibonyeza mara mbili, na sauti ikajaa sebule.

Jikoni sufuria zikanyamaza.

"Aa, kumbe ni wewe," Mama akasema. "Si uingie basi. Chakula imepoa."

Baba akavua viatu, akaenda kula.