Suruali ya Kuapishwa

Mume wangu ni fundi cherehani, na bora nimseme mimi kabla majirani hawajamsema: ana kiburi cha mshono. Miaka thelathini kawavisha mabwana harusi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa, "Hiyo suti kakushonea nani?" Jambo hilo lilimkaa rohoni. Alipopewa kazi ya suti ya rais mpya, alilia pale pale juu ya meza ya kukatia. "Mama watoto," akaniambia, "safari hii wataniulizia."

Tatizo, vipimo vilichukuliwa wakati wa kampeni, Mheshimiwa akiwa amekonda kwa kuzunguka juani. Baada ya ushindi, jamani, miezi miwili ya kukaribishwa mezani! Fundi akaomba kupima upya. Bwana wa itifaki akamkata jicho.

"Unamaanisha Mheshimiwa amenenepa?"

"Hapana, bwana mkubwa, ni kiuno tu..."

"Mheshimiwa hanenepi."

Yakaishia hapo.

Siku yenyewe tukawekwa nyuma ya pazia la jukwaa, yeye na sindano, mimi na kikopo cha vifungo. Bendi ikapiga, wageni wakapita na kofia pana kama sinia, Mheshimiwa akaketi. Traaa! Suruali ikafumuka nyuma, kuanzia kwenye mkanda mpaka nisipopataja. Na baada ya sala alitakiwa kusimama ale kiapo mbele ya nchi nzima.

"Nimekwisha," mume wangu akasema.

"Tufumbe macho, tuombe," akasema mchungaji.

Nikamsukuma. "Nenda! Wamefumba!"

Kiti kilikuwa na uwazi chini ya egemeo. Akatambaa, akapenyeza mikono, akaanza kushona kwa kupapasa. Mheshimiwa akashtuka, kisha akainamisha kichwa kama mtu aliyeguswa na maombi. Bwana wa itifaki, aliyeona yote, akamnong'oneza mchungaji: vuta muda. Maskini ya Mungu, akavuta. Akaombea mvua, wakunga, madereva. Akaishiwa, akaombea nyuki, mashemeji wakorofi na waliopoteza funguo. Bendi ikaona mambo yamekuwa marefu, ikaingiza ngoma taratibu, tarumbeta ikafuata, kofia zote zikaanza kuyumba. Fundi akakata uzi kwa meno.

"Amina!"

Mheshimiwa akasimama, na kitambaa cha kiti kikasimama naye. Mama yangu! Mahameli nyekundu, na vishada vya dhahabu, vinaning'inia mpaka kwenye visigino. Mume wangu alikuwa amemshona pamoja na kiti. Nikamshika mkono, tukasubiri kukamatwa. Lakini nani angethubutu kumwambia? Akala kiapo hivyo hivyo, akazunguka uwanja akipunga mkono, mkia unaburuzika. Watu wakashangilia.

Kesho yake foleni ilifika hadi kwa muuza mkaa. "Fundi wa rais ni hapa?" Kila mmoja anataka suti yenye mkia. Mume wangu akawaonyesha kola, mabega, mfuko ambao huoni ulikoanzia, kazi ya wiki nzima. Hakuna aliyetazama. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani kuwatimua kwa ufagio.

Jioni akaja waziri mmoja. Akafunga mlango mwenyewe, akavua koti.

"Na mimi nishonee," akasema kwa sauti ya chini. "Ila wangu uwe mfupi kuliko wa Mheshimiwa."

Mume wangu akanitazama, machozi yanamlenga. Akachukua futi, akapiga magoti nyuma ya waziri.

"Mfupi kiasi gani, bwana mkubwa?"