Rimoti Kwenye Pindo la Khanga

Juzi, ofisi ya kata Mahege, niliwakuta wakigawa ving'amuzi vya bure kwa kaya maskini. Idara ya misaada ilikuwa imewapa watu wa televisheni taarifa za kaya hizo kutoka kwenye kompyuta zake. Bibi mmoja akaitwa.

"Bibi, televisheni yako kubwa kiasi gani?" ofisa akauliza.

"Sina televisheni, mjukuu wangu."

"Sasa king'amuzi cha nini?"

"Si mmeniita wenyewe? Nipe na rimoti yake."

Rimoti akaifunga kwenye pindo la khanga, kama wenzake wanavyofunga hela, akaaga kwa adabu zote.

Jioni nikapita kwa jirani yake, mwenye duka, bahili ambaye televisheni yake haikuonyesha kitu tangu mitambo ya zamani ya analojia izimwe, maana king'amuzi hakutaka kununua. Enzi zile bibi alikuwa akitazama akiwa mlangoni, penye viatu. Safari hii nilimkuta kwenye kochi, king'amuzi chake kimechomekwa kwenye televisheni ile.

"Bibi, tuwekee mpira basi," mwenye duka alibembeleza.

Bibi akalipapasa pindo. "Tamthilia kwanza. Na chai iko wapi?"

Enyi wenye kompyuta, taarifa zenu zimekosea nyumba. Nawaomba msizirekebishe.