Ugali wa Darasa la Sita

Simu ilipoita, Atupele alikuwa akipekua jiko zima kutafuta mwiko. Mumewe, Mwalimu Ipyana, alikuwa ameubeba tena kwenda nao shuleni, pamoja na bonge la ugali. Atupele alipoona anayepiga ni mwalimu mkuu, hakungoja hata salamu.

"Mwalimu Herman, mwambie huyo mwenzako arudishe mwiko wangu!"

"Mama Brightness, keti kwanza. Mwalimu ameanguka darasani. Tumemkimbiza hospitali, lakini Bwana amemchukua."

Tangu watoke Mbeya na kuhamia Kizwite, ugomvi wao ulikuwa huo ugali. Ipyana alifundisha sayansi. Aliwapanga watoto mstari: nyasi, panzi, kuku, mwewe. Nyasi apokee bonge kutoka kwa jua, yaani mwalimu mwenyewe, ale sehemu kubwa, kinachobaki ampe panzi, hivyo hivyo mpaka mwewe aambulie tonge. Ndivyo nishati inavyopungua njiani. Lakini kila mwaka watoto walilipitisha bonge zima, halijaguswa, hadi kwa mwewe.

"Mwewe ndiye mkubwa, Mwalimu. Nyumbani si baba ndiye anayekatiwa kubwa?"

Ipyana alirudi nyumbani amefura. "Mama Brightness, hawa watoto wamenishinda!"

"Na mimi unga umenishinda. Si uchore ubaoni kama wenzako?"

"Nimechora, wanakariri tu. Nataka darasa moja lielewe kabla sijastaafu. Moja tu!"

Msibani, Atupele alimlalamikia Mungu bila kuficha: ungengoja basi hata muhula uishe. Wanafunzi walipofika, msichana aitwaye Sayi alipiga goti, akamkabidhi mwiko, umeoshwa.

"Shikamoo, mama. Siku ile mwewe nilikuwa mimi. Wenzangu walikula kweli, nikapata katonge tu. Nikanuna. Mwalimu akacheka, akasema, 'Hatimaye, jamani!' Ndipo akaanguka."

"Alijua mmepatia?"

"Alijua, mama."

Atupele akasonya, machozi yakimtiririka. "Miaka yote hiyo ananimalizia unga, halafu siku mnapatia haji hata kuniambia!"

Walimzika Jumamosi alasiri, upepo wa baridi ukivuma. Mchungaji aliomba, kwaya ikaimba. Atupele alitupia udongo, akafuata binti yake Brightness, kisha darasa la sita, mmoja mmoja. Wanaume wakafukia kaburi, wakasimika msalaba, na watu wakarudi nyumbani.