Hiyo Siyo Buluu

Miaka ile ya Ujamaa sabuni ilipatikana kwa foleni, na mimi nilikuwa kijana wa maabara mwenye koti jeupe na kichwa kikubwa. Nyuma ya nyumba moja ya Kariakoo akina mama walikuwa na ushirika wa kufua nguo kwa maji ya kisima cha uani. Miche ya sabuni ikawa inaisha haraka mno, na lawama zikamwangukia mtunza sabuni, mama mtu mzima aliyetoka Lindi. Yeye alishikilia kwamba maji ni magumu, hayatoi povu, ndiyo yanayokula sabuni. Balozi wa nyumba kumi akaniomba nikayapime.

Nilifika na chupa zangu nikijiona daktari. Kipimo chenyewe ni rahisi: maji ukiyatia unga wa rangi yanakuwa mekundu, kisha unadondosha dawa huku ukihesabu matone, mpaka yageuke buluu. Matone yakiwa mengi, maji ni magumu. Siku hiyo nilikuwa na haraka ya kwenda kula. Wekundu ulipoanza kufifia, nikaacha.

Yule mama aliinama akatazama. "Hiyo siyo buluu, mwanangu," akasema. "Hiyo zambarau. Ongeza."

Nilicheka, tena mbele za watu. Nikamuuliza kama siku hizi kemia inafundishwa kwenye karai. Mtu anayetia buluu ya kung'arishia kwenye mashuka meupe kila siku ya Mungu, mimi nikamfundisha rangi. Nikamwambia balozi kwamba maji ni laini, na jioni ile ile mama akatolewa kwenye ushirika kama mwizi.

Kesho yake mkuu wangu aliyapima upya maji yaliyobaki chupani. Alidondosha, akadondosha, mpaka buluu ikatokea. Yalikuwa magumu kupindukia. Nikasahihisha daftari kwa mwandiko mzuri, lakini kwa balozi sikwenda. Niliona aibu kusema nimekosea. Nikajiambia nitakwenda wiki ijayo, na wiki zikapita.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta sokoni Ilala akiuza mihogo. Nikamwamkia shikamoo huku nikiangalia chini. Akaitikia marahaba bila kinyongo, akanichagulia mihogo minene, kisha akaniuliza taratibu, wateja wengine wasisikie:

"Mwanangu, yale maji mliyapima tena?"

Nikasema hapana.